Suna wa Oklahoma

Ploti ya kona pale sokoni Suna, ile inayotazamana na bomba la maji, yenye hoteli ya chai na madirisha mawili ya kioo, ilipatikana kwa miguu yangu hii miwili. Sijisifu. Nasema tu kwa sababu watu wa Migori husahau upesi, na waya wangu Phelesia, mwenye hoteli hiyo, siku hizi hunimiminia chai nusu kikombe kana kwamba mimi ni abiria aliyeteremka kunyoosha mgongo. Waya kwetu Wajaluo ni dada wa baba. Huyu wangu ndiye aliyenilea tangu Kendu Bay, kwa hiyo ananijua. Hilo ndilo tatizo la kuanzia.

Mwaka 1966 hakuwa na hoteli. Alikuwa na mafiga matatu chini ya turubai, birika jeusi kama moyo wa karani wa kodi, na mandazi ambayo madereva wa malori waliyaulizia kabla hawajazima injini. Alikuwa mjane, Msabato wa kutofua hata leso siku ya Jumamosi, na hapa Suna alikuwa jadak. Jadak, na wakiwa wengi wadak, ni mtu aliyekuja kukaa kwenye ardhi ya wenyewe, na wenyewe hapa ni ukoo wa Suna, uliolipa soko jina. Anaweza kukaa miaka kumi, akajua majina ya mbwa wote wa kijiji na tabia zao, bado ni jadak.

Mwezi wa saba kamati ya soko ikapima ploti kumi na mbili mpya, ikapiga vigingi, na mwenyekiti wake, Mzee Simeon, akatangaza akiwa amesimama juu ya kreti la soda.

"Ploti ni za Suna kwanza. Wadak watangoja. Na haya maturubai yote, mwisho wa mwezi yaondoke. Soko si kambi ya jeshi."

Waya alisikia, akaendelea kugeuza mandazi. Lakini andazi moja aliligeuza mara nne. Nikajua hesabu yake: turubai likiondoka, yeye anarudi Kendu Bay, na mimi niliyekuwa kidato cha pili narudi naye kuvua omena.

Basi hapo ndipo anapoingia Mwalimu Padi. Jina lake hasa lilikuwa Purdy, Mmarekani mrefu aliyekuja kutufundisha historia katika shule yetu ya harambee. Sisi tukamwita Padi, jina linalokaribiana mno na padri, na kwa ajili hiyo mama mmoja Mkatoliki alimfuata mpaka kisimani akitaka kuungama dhambi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kitabu. Aliweza kumwagiza mpishi maji ya moto, lakini hakuweza kumwamkia mzee bila kumtukana kidogo. Kwa hiyo alipoitwa barazani awasalimie wananchi, mimi ndiye niliyesimama kando yake kutafsiri. Nani mwingine? Kiingereza changu kilikuwa kinapigwa pasi kila asubuhi.

Baraza lilijaa. Wajaluo, Wakisii wa kutoka juu, Wakuria waliokuja na tumbaku kutoka Ntimaru, wote. Mwalimu Padi akavua kofia, akasema kwa Kiingereza kwamba anatoka jimbo linaloitwa Oklahoma, na kwamba watu wa kwao, kwa jina la utani, huitwa Sooner.

Kabla sijafungua mdomo, Mzee Simeon aliruka kutoka kitini. Huyu mzee alipigana Burma, na tangu arudi hajakubali kwamba anahitaji mkalimani.

"Ngoja! Nyamazeni! Amesema nini? Amesema Suna! Mimi nimesikia kwa masikio yangu. Mzungu anasema yeye ni Suna!"

Watu wakavuma kama nyuki. Ndugu msomaji, mimi nilijua. Darasani, wiki ile ile, mwalimu alikuwa ametueleza maana yake. Sooner ni mtu wa mapema, yule aliyeingia kwenye ardhi kwa wizi kabla ya wakati uliowekwa. Neno hilo halina uhusiano wowote na Suna yetu, wala hata salamu. Nilikuwa na sekunde moja ya kuwa mtu mwema. Nikaitumia kumtazama waya, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa na wadak wenzake, birika mapajani kama mtoto mgonjwa.

"Umesikia sawa, mzee," nikasema. "Anasema kwao ndivyo wanavyoitwa. Jimbo zima."

"Nilijua!" Mzee Simeon akapiga paja. "Hata hiyo pua. Tazameni hiyo pua. Muulize, Suna wa Amerika hugawana ardhi namna gani?"

Nikamgeukia mwalimu. "Wamefurahi kukuona, sir. Wanaomba uwaeleze jinsi watu wa Oklahoma walivyopata mashamba."

Mwalimu akafurahi kweli, kwa maana hakuna Mmarekani asiyependa kuombwa aeleze kwao. Akaeleza. Mwaka 1889 serikali yao ilifungua nchi kubwa ya nyasi. Watu kama elfu hamsini wakapangwa mpakani, wengine kwa farasi, wengine kwa mikokoteni, wengine kwa gari moshi, wengine kwa miguu. Ilipofika saa sita mchana bunduki zikalia, tarumbeta zikalia, wote wakatimka. Uliyewahi kigingi, shamba lako. Mahali palipokuwa na kituo cha reli na upepo asubuhi, jioni palikuwa na mji wa mahema wa watu elfu kumi. Na mwaka 1907 nchi hiyo ikawa jimbo kamili.

Mimi nikatafsiri.

"Anasema Suna wa huko hawagawi ploti kwa kunong'onezana nyuma ya duka. Wanapiga mstari, saa sita mchana kengele inalia, kila mtu anakimbia. Mwenyeji anakimbia, mgeni anakimbia, mjane anakimbia. Hasa mjane. Wanasema Suna asiyeogopa kushindana na mgeni ndiye Suna wa kweli."

"Mbona yeye 'wido' sikumsikia akitaja, na wewe umehutubia juu ya wajane?" akauliza mtu mmoja mbele. Alikuwa Mokaya, fundi baiskeli, Mkisii mwenye miguu kama nguzo za simu. Yeye pia alikuwa jadak, na yeye pia aliitaka ile ploti ya kona, kwa sababu wachota maji wote huja na baiskeli, na baiskeli zote huja na pancha.

"Kiingereza ni lugha ya kubana, fundi. Kikifunguliwa hujaa nyumba."

Wakacheka. Lakini bibi mmoja hakucheka. Huyo alikuwa Rispa, tuliyemwita Dani, yaani bibi, mama yake Mzee Simeon, bibi mdogo mdogo aliyekunjamana, aliyejulikana kwa mambo mawili: kuchuma mboga za porini kila siku hata Krismasi, na kuuliza.

"Wewe mtoto," akaniambia. "Muulize huyo mgeni. Huko walikokimbilia, hapakuwa na watu?"

Nikauliza. Mwalimu Padi akakawia. Alizungusha kofia mikononi mara moja, mara mbili. Kisha akasema walikuwapo. Akasema hata jina Oklahoma ni la lugha yao, maana yake watu wekundu. Miaka kama sitini kabla ya zile mbio, wanajeshi waliwatoa kwao mashariki, wakawatembeza kwa miguu katika baridi, wengi wakafa njiani. Walipofika wakaambiwa, basi, hapa ni penu milele. Halafu milele ikaisha.

Hayo niliyatafsiri neno kwa neno. Yapo mambo ambayo hata mimi siyatii chumvi.

Dani Rispa akatikisa kichwa polepole. "Hapa hatutoi mtu. Ni nyasi zetu wenyewe, na mbuzi wamezimaliza. Simeon, waache wakimbie. Nataka kuona watu wazima wakikimbia."

Mzee Simeon hajawahi kumkatalia mama yake. Ikapitishwa: kila mwombaji akimbie mwenyewe au atoe mtu mmoja wa nyumba yake. Mstari uwe kwenye ua wa shule, vigingi viko ng'ambo ya uwanja. Mtu wa kwanza kushika kigingi ndiye mwenye ploti, awe Suna, awe jadak. Wakataka iwe Jumamosi. Waya akasimama, kwa mara ya kwanza katika baraza lolote, akasema, "Jumamosi sikimbii hata nikifukuzwa na chui." Ikawa Jumapili, saa sita mchana, baada ya misa.

Jioni ile waya aliniuliza swali moja tu. "Nashon, utaniwahia ile ya kona?"

"Waya, usiku huu lala ukiota madirisha."

"Madirisha ya nini?"

"Ya kioo."

"Nimeuza mandazi kwa madereva miaka tisa," akasema. "Mtu anayejibu haraka hivyo, gari lake huwa halina breki."

Siku zilizofuata Mokaya alikuwa akifanya mazoezi alfajiri, anapanda kilima cha kanisa na gurudumu la lori mabegani. Mimi mazoezi yangu yalikuwa ya mdomo. Nilipita mbele ya banda lake nikamwambia, "Fundi, Jumapili usisahau pampu. Utahitaji kujipuliza njiani."

"Wewe kijana, unakimbia kwa ulimi," akanijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye spoki. "Nashukuru. Ulimi haushiki kigingi."

Ukweli wa Mungu, siku ya Ijumaa nilipima umbali kwa hatua, nikahesabu pumzi, nikajua Mokaya atanishinda hata akiwa na baiskeli shingoni. Ndipo nikakumbuka historia. Wenzangu huipuuza historia, wanasema haijazi tumbo. Mwalimu Padi alitueleza kwamba wale Sooner walijificha vichakani usiku wa kuamkia mbio, na saa sita ilipolia wakajitokeza wameshakaa kwenye mashamba mazuri. Na inasimuliwa kwamba wajanja zaidi waliwapaka farasi wao povu la sabuni, ili waonekane wametokwa jasho kwa safari ndefu. Kesi zilijaa mahakamani miaka na miaka. Hapo kwenye kesi sikusikiliza vizuri.

Jumapili saa tano nikamwambia waya, "Mimi nitasimama mwisho kabisa wa mstari, kule kwenye mti, nisibanwe." Kisha nikazunguka nyuma ya vyoo vya shule, nikapita korongo, nikaingia katika vichaka vya mkonge vilivyo nyuma ya ploti ya kona. Nilikuwa na kipande cha sabuni ya mche mfukoni na chupa ya maji. Kigingi kilikuwa hatua kumi na tano kutoka puani mwangu. Kilinipendeza kama binti wa chifu.

Nikajipaka. Nilipaka shingo, mikono, kifua juu ya shati, nikasugua mpaka povu likaota. Paji la uso nikaliongezea, maana paji ndilo watu huangalia. Nikamaliza maji yote. Nikakaa.

Jambo ambalo historia haikunifundisha ni kwamba farasi hapakwi paji la uso. Jua la saa sita lilipokaza, povu likaanza kuteremka. Likaingia jicho la kulia. Nikalifumba. Likaingia la kushoto. Wakati huo huo, kule shuleni, Mwalimu Padi akaigonga ile rimu ya lori tunayoitumia kama kengele. Ngaa! Nikasikia kelele, miguu, mtu akiita jina la Bikira Maria, mwingine akimtukana aliyemkanyaga. Mpango wangu ulikuwa nihesabu mpaka mia moja hamsini. Nilifika arobaini. Nikatoka mkongeni nikiwa kipofu, nikapapasa, nikakumbatia nguzo, nikagundua si kigingi bali ni bomba la maji, nikarudi, nikakipiga kigingi kwa goti, nikaanguka juu yake na kukishika kwa mikono miwili.

"Ya kona imeshikwa!" nikapiga kelele. "Imeshikwa!"

Kupitia machozi nikamwona Mokaya. Alikuwa mbele ya watu wote, bado mbali kidogo, anakuja kama lori lisilo na mzigo. Aliponiona akashangaa mpaka hatua zikampotea, kisha akakata kona akashika kigingi cha ploti ya pili. Wengine nao wakatawanyika kila mtu na chake. Mmoja tu hakukata kona. Alikuja moja kwa moja, sketi imekamatwa kwa mkono mmoja, kitambaa cha kichwa kimeanguka, viatu haviko. Alikuwa waya.

Alisimama mbele yangu anahema. Akashika kichwa cha kigingi, pale juu ya vidole vyangu, asije akaanguka.

"Nashon. Ulipitia wapi?"

"Njia ya juu, waya."

"Nilikutafuta kwenye mti. Nikatafuta mstari mzima." Akavuta pumzi. "Nikasema, amenitupa. Nikavua viatu."

Akanitazama shingo, akanitazama paji. Akachukua ncha ya leso yake akanifuta jicho moja, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Kamati ikafika na daftari. Mzee Simeon akasimama kwenye ploti ya kona.

"Nani hapa?"

"Nyumba ya Phelesia," nikasema. "Nimekimbia mimi."

"Mzee, napinga," akaita Mokaya kutoka kwake, mguu wake umekanyaga kigingi asije mtu akamwibia. "Mimi nilikuwa wa kwanza tangu mstarini. Huyu hakunipita. Hakuna kitu kilichonipita ila upepo."

"Upepo una jina, fundi," nikamjibu. "Tazama jasho hili, mzee. Mtu hutokwa na jasho hivi akiwa amelala?"

Mzee Simeon akainama kutazama. Mwalimu Padi naye akaja, akainama. Alitazama lile povu kwenye kola yangu. Nikamwona uso unabadilika polepole, kama mtu anayekutana na ndugu yake katika nchi ya mbali. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika magoti, akanionyesha kidole, akasema kwa Kiswahili chake cha kumwagiza mpishi:

"Huyu! Huyu ni Sooner! Sooner kabisa! Kama babu ya mimi!"

Watu walisikia walichosikia.

"Suna kabisa!" Mzee Simeon akaitikia, sauti imejaa. "Mmesikia? Mtoto wa Kendu Bay, na mwenzetu wa Amerika mwenyewe ameapa kwa babu yake kwamba ni Suna. Karani, andika!"

Makofi yakapigwa. Karani akalowesha kalamu ulimini. Akaandika N, akaandika a. Nikaanza kuona madirisha.

"Simeon," ikasema sauti kutoka mkongeni.

Majani yakasogea, akatoka Dani Rispa na kikapu cha mboga kichwani, kimejaa mnavu mpaka juu. Hakuwa na haraka. Alikitua kikapu, akajinyoosha mgongo, akachagua mtu wa kumtazama. Alinichagua mimi.

"Huyu ndiye aliyeshinda mbio?"

"Ndiyo, mama."

"Mbio gani? Huyu nimekuwa naye kule ndani tangu saa tano. Mimi nachuma mboga zangu huku, yeye yuko kule. Nikamwona anatoa sabuni. Nikasema, aa, mtoto wa watu anataka kuoga. Nikageuza uso, kwa heshima." Akangoja kidogo. "Halafu nikajiuliza. Mbona anaoga na shati?"

Sijui kama umewahi kuchekwa na makabila matatu na Mmarekani mmoja kwa wakati mmoja. Hata mbuzi waliacha kutafuna. Mokaya alikaa chini juu ya kigingi chake.

Mzee Simeon hakucheka. "Mwalimu," akasema kwa Kiingereza chake cha Burma, akaacha kunitazama kabisa. "Hiyo Sooner. Maana yake nini?"

Mwalimu Padi akatafuta maneno kwa uaminifu mkubwa. "Sooner ni mtu... anakuja mbele ya saa. Anaiba shamba. Anadanganya."

Nikahesabu njia za kukimbilia. Zote zilikuwa na watu.

"Basi hao si ndugu zetu," akasema Dani Rispa, akalimaliza jambo hilo la Amerika kwa kulipungia mkono. "Sisi hatuogi na shati. Nyinyi acheni kupoteza mchana. Simeon, sheria mliitunga wenyewe. Mtu wa kwanza aliyekimbia kutoka mstarini akashika hiki kigingi ni nani?"

Mzee Simeon akamtazama Mokaya. Mokaya akatikisa kichwa, akapiga kigingi kilichokuwa chini yake. "Mimi nilikata kona. Hiki ndicho nilichoshika. Lakini mama huyu nilimsikia nyuma yangu tangu katikati ya uwanja, anahema na kuimba wimbo wa kanisa. Yeye hakukata kona popote."

Wote wakageuka. Waya alikuwa bado ameshika kichwa cha kigingi, miguu mitupu ina vumbi mpaka magotini, kidole kikubwa kinatoka damu. Hakuwa ameachia tangu afike. Nadhani alikuwa amesahau.

"Ulitoka mstarini?" Mzee Simeon akamuuliza.

"Kutoka kwenye mti."

"Kengele ilipolia?"

"Baada. Nilikuwa bado namtafuta huyu."

Mzee Simeon akavuta pumzi puani, akatazama ploti, akatazama bomba, akatazama mama yake. "Karani. Futa hiyo Na. Andika Phelesia."

Waya alikaa chini palepale, akaanza kufunga kidole chake kwa ncha ya leso. Nikataka kumsaidia ainuke. Nikanyoosha mkono, nikaandaa na maneno, maana nilishaona kwamba ukilitazama jambo hili vizuri, kama nisingejificha, yeye asingevua viatu, na kama asingevua viatu, basi kwa namna fulani ploti hii bado ilikuwa imepatikana kwa miguu...

"Wewe mtoto," Dani Rispa akanikatiza, kikapu kishapanda kichwani. "Hiyo hadithi unayoipika, ngoja kwanza ukanawe. Povu bado liko sikioni."

Nikagusa. Lilikuwepo.